Siku Arobaini za El Roi

Jumatatu, 3 Februari

Nimenoa patasi tatu kabla ya chai. Ubao wa kanisa umelala benchi nzima, mninga safi, futi nane kwa tatu, mpaka sina pa kuweka kikombe. El Shadai limeisha Ijumaa. Leo naanza Yehova Yire. Majina saba ya Mungu, kila jina na herufi zake za Kiebrania juu na maana yake ya Kiswahili chini. Herufi kaniletea Mchungaji Obedi kwenye karatasi ya fotokopi. Nazihamisha kwa kabonipepa, nachonga. Sizisomi. Naziamini tu, kama mtu anavyomeza kidonge.

Keko nzima wanachonga vitanda na makochi. Mimi ndiye mzee wa maandishi. Milango ya misikiti nimechonga, misalaba nimechonga, hadi jina la baa.

Dawa ya macho asubuhi na jioni, tone moja kila jicho. Inawasha. Mwaka sasa tangu daktari aseme glakoma, presha ya macho. Mwaka mzima sijaona hata nukta moja zaidi. Eti haiongezi, inazuia. Dawa gani hiyo. Maji ukinywa kiu inakwisha. Hii unaweka, kiu iko palepale, unaambiwa shukuru haijazidi.

Uzinduzi wa kanisa ni Pasaka. Nitamaliza.

Jumatano, 5 Februari

Darasa la Majina, kanisani Kiwalani. Ndege zinapita karibu na bati. Mchungaji ananyamaza mpaka zipite, halafu anaendelea palepale alipoachia. Zamani alikuwa fundi simu. Hata jina la Mungu analifungua kama simu, taratibu, asije akavunja kitu. Ndiyo maana nampenda, ingawa kwa umri ningeweza kumzaa.

Leo ilikuwa siku ya kupewa jina. Kila mwenye mzigo anapita mbele, anautaja mara moja, ya mwisho. Mchungaji anampa jina la kushika siku arobaini. Ndani ya siku hizo shida haitajwi tena kwa mdomo, kwa mtu yeyote. Unakiri jina. Mwenye Yire anasema nimepata. Mwenye Rafa anasema nimepona.

Mimi nilisema macho. Mchungaji akafumba yake, kisha akasema, "Fundi Elia, wewe shika El Roi. Mungu anionaye. Aliyeonwa na Mungu ataona." Akaeleza. Wa kwanza kumpa Mungu jina ndani ya Biblia si nabii wala mfalme. Ni Hajiri, mjakazi, mja mzito, amekimbia nyumba ya bosi wake, amekaa jangwani penye chemchemi. Malaika akamkuta pale. Ndipo akasema, wewe ni Mungu unionaye.

Mwili ulinisisimka. Nina miaka hamsini na tisa, nimechonga milango ya watu wakubwa, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ninaonwa.

Alhamisi, 6 Februari

Jambo moja. Mchungaji alisema tusikiri shida kwa mdomo. Hakusema kalamu. Kwa hiyo daftari hili la oda, kurasa za nyuma, litabeba. Mke wangu, Mama Joyce, akiniona naandika atadhani vipimo.

Nakiri hapa. Jicho la kushoto, upande wa pua, hakuna kitu. Si giza. Hakuna tu. Na la kulia linamfuata mwenzake.

Ninaogopa. Fundi wa maandishi asiyeona ni nini? Ni mzee anayekalia benchi la wengine.

Jumatano, 12 Februari

Nimemaliza Yire. Jioni darasani Mchungaji akatuonyesha kitu. Yire na Roi ni mtu na mdogo wake, wote wamezaliwa kwenye kuona. Abrahamu aliinua macho akamwona kondoo. Hajiri alitazama, akaona mahali palipo na maji. Kila mara mwishoni kuna kitu cha kuonekana. Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Asubuhi lakini nilipiga teke ndoo ya Bi Mwanaidi. Ndiye mwenye nyumba wetu, Mzaramo wa hapahapa Keko, babu zake walikuwepo kabla ya kochi la kwanza. Tunapanga vyumba viwili vya uani kwake, na anakaanga vitumbua mbele ya banda langu. Unga wote ukamwagika.

"Fundi! Ndoo nyeupe, kubwa kama mtoto wa darasa la pili!"

Nikamwambia naona vizuri sana. Nikamweleza na habari ya Hajiri ili asahau unga. Akanisikiliza huku akizoa. Akasema, "Bibi Hajara ni wetu pia huyo. Na sie tunaye Al-Basiri, Mwenye kuona. Lakini Hajara alipokosa maji alikimbia, fundi. Kilima na kilima, mara saba. Hakukaa akasubiri."

Nikakasirika. Muuza vitumbua ananifundisha Biblia.

Jumanne, 18 Februari

Kliniki ya macho. Mama Joyce amekaa nje kwenye benchi, mimi ndani kwenye mashine.

Unaweka kidevu kwenye kikalio chake. Jicho moja limezibwa. Unatazama nukta ya katikati. Vitaa vidogo vinawaka huku na huku, ukikiona kimoja unabonyeza kitufe. Nilianza vizuri. Kimoja, nikabonyeza. Cha pili, nikabonyeza. Halafu kimya. Sioni kitu. Ila nasikia mashine inalia kidogo ndani yake, tk, inatulia, tk. Nikaelewa. Kila mlio kuna taa mahali. Ipo, siioni.

Nikajiuliza, kutobonyeza si ndiyo kukiri ugonjwa? Kidole gumba nacho si kinywa? Siku ya kumi na nne nitavunja ahadi mbele ya mashine?

Mimi ni mtu wa nyundo. Mapigo nayajua. Nikayashika. Tk, nabonyeza. Tk, nabonyeza. Jicho la kulia, kisha la kushoto. Kidole kikachoka. Nilihisi nasali, na sala inakwenda.

Nesi akatoa karatasi, akaguna. "Mzee wangu, umebonyeza mno. Kipimo hakisomeki." Daktari ni binti, umri wa Joyce wetu aliye Mwanza. Akaniamkia shikamoo, akasema nirudi tarehe 4 Machi tukirudie, na dawa nisiache.

Kipimo hakisomeki. Nimelibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Jumapili, 23 Februari

Nimetoa ushuhuda. Sikupanga.

Nilipanga. Tangu Jumanne nilikuwa nalichonga kichwani.

Nikasema nimeshika El Roi, nikaenda hospitali, na mashine imeshindwa kuusoma ugonjwa. Sikuongeza neno. Sikuhitaji. Ngoma zikalia mpaka ndege ikapita hatukuisikia. Mama Joyce akavua kitenge, akakitandaza nikikanyage, akacheza kama siku ya harusi ya Joyce. Mchungaji akaniinua mkono kama bondia. Akasema jina langu Elia lina Mungu mbele na Mungu nyuma, El na Ya, nitapotelea wapi. Watu watano wakaomba nao waandikiwe El Roi. Mama Happy wa kwaya, yule mwenye sukari, ameshika Rafa. Alinikamata mikono yote miwili. "Fundi, umenitia nguvu. Umenitia nguvu kweli."

Sijapigiwa makofi maishani. Ni matamu.

Leo jioni sikuweka dawa. Mtu aliyeshuhudia mbele ya kanisa hawezi kurudi nyumbani akachungulia dari na chupa kama mwizi. Nimeificha kwenye kopo la misumari.

Jumanne, 4 Machi

Leo ndiyo siku ya kurudia kipimo. Sikwenda. Nilimwambia Mama Joyce kwamba mwenye ushuhuda harudii mtihani aliofaulu. Akakubali. Laiti angebisha.

Nimechonga Rafa. Limetoka zuri kuliko yote. Nilifurahi nusu ya siku.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya thelathini na sita. Bi Mwanaidi amefunga Ramadhani, hakaangi mpaka alasiri. Asubuhi hapana harufu.

Naona vizuri. Hiyo ndiyo ya mdomo. Ya kalamu ni hii: leo nimetafuta penseli robo saa. Ilikuwa mezani, karibu na mkono wangu wa kushoto.

Jumatatu, 17 Machi

Arobaini zimeisha jana. Hakuna kitu.

Nilidhani ningeamka na kuona angalau ukingo wa dirisha. Nililala palepale nikaangalia juu, nikageuza jicho polepole, kama mtu anayechungulia chungu ambacho anajua ni kitupu. Dirisha lilikuwa nusu. Kama juzi. Hapana, chini ya juzi.

Bandani ndiyo aibu. Wiki nzima nimekuwa nachonga upande wa kushoto kwa kukumbuka, si kwa kuona. Mstari wa Nisi umeteremka ukaingia kwenye Shalom. Mninga ukishakatwa umekatwa. Nimejaza unga wa mbao na gundi, nikapiga msasa. Mtu akiwa mbali hataona. Nikacheka peke yangu. Mtu akiwa mbali. Mimi niko karibu na sioni.

Sina hasira na Mungu.

Uongo. Ninayo.

Ijumaa, 21 Machi

Patasi imeingia kiganjani. Nilidhani mkono uko nyuma ya ubao, kumbe uko mbele. Damu imeingia kwenye herufi. Bi Mwanaidi alikuja na kipande cha khanga, akaufunga. Alipomaliza akaweka mkono wake pembeni ya uso wangu, kushoto.

"Vidole vingapi, fundi?"

Nikasema vitatu.

"Mkono nshaushusha zamani."

Nilibonyeza tena. Siku arobaini zimeisha, hakuna anayenilazimisha, na nimebonyeza tena. Kwa muuza vitumbua aliyefunga.

Jumamosi, 22 Machi

Bi Mwanaidi kamwambia Mama Joyce. Hakunificha. Alipita mlangoni kwangu akasema, "Nakwenda kumwambia mkeo," akaenda.

Mama Joyce hakuniuliza kitu. Alipekua banda lote. Akalimwaga kopo la misumari juu ya ubao wa kanisa. Chupa ikatoka, ikabingirika mpaka kwenye Rafa, ikasimama. Dawa imo bado. Alitazama chupa, akanitazama.

"Baba Joyce. Mie uliniacha nicheze."

Hilo tu. Hajasema lingine mpaka sasa. Chakula kaweka. Kanyamaza. Miaka thelathini na mbili ya ndoa, tumegombana kwa mashamba, kwa ndugu, kwa Joyce. Hajawahi kuninyamazia hivi. Bora angenitukana kwa Kibena cha kwetu, nikaelewa kila neno.

Jumanne, 25 Machi

Hospitali. Daktari binti yuleyule. Amepima presha ya macho, imepanda sana. Amemulika ndani, akamulika tena.

La kushoto limekwisha. La kulia limebaki katikati tu, kama tundu la kitasa. Akashika kidole changu mwenyewe, akakisogeza pembeni nione mipaka ya jicho langu. Nikaiona. Ni midogo.

Nikamuuliza nikianza leo kwa bidii, matone matatu, manne kwa siku? Akasema, "Kilichoondoka hakirudi, mzee wangu. Tunalinda kilichobaki." Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Akauliza kwa nini niliacha dawa. Nikasema nilisahau. Hata pale. Mama Joyce akaangalia sakafu.

Dawa mbili sasa, asubuhi na jioni, maisha yote. Kipimo cha vitaa tarehe 6 Mei, presha ikishashuka.

Ijumaa, 28 Machi

Mchungaji alikuja kuangalia ubao. Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu Jumanne, makali, nimeyanoa kuliko patasi. Nikamwambia yote. La kushoto limekufa. Jina lako. Siku zako arobaini.

Akasema polepole, "Fundi, mie sijakwambia uache dawa."

Nimepekua kichwa chote. Tangu ile Jumatano ya kupewa jina mpaka ushuhuda. Hakusema. Alisema tusitaje shida kwa mdomo. Kitufe cha mashine nilikigeuza mdomo mimi. Chupa niliificha mimi. Hakujua hata kama ninayo.

Akakaa kwenye benchi akalia, mtu mzima na tai yake. Nilitaka awe mwongo. Mwongo angenifaa. Sasa nina mtu mwema mbele yangu analia kwenye takataka za mninga, na lawama yote imerudi kwangu, nzima nzima, haina hata kona iliyopungua.

Akaomba jambo moja. Nisitengue ushuhuda kabla ya Pasaka. "Watu wameushikilia, fundi. Uzinduzi ukipita, nitasimama na wewe." Nikakubali.

Jioni Mama Joyce akasema kwa mara ya kwanza sentensi ndefu. Mama Happy ameacha dawa za sukari tangu siku ya ushuhuda wangu. Anasema mashine yake nayo itashindwa kusoma.

Jumapili, 30 Machi

Nimesimama kanisani. Sikuomba ruhusa.

Nikasema nilibonyeza taa ambazo sikuziona. Nikasema mashine haikushindwa, niliidanganya. Nikasema jicho moja limekufa na la pili ni tundu la kitasa, na dawa nilikuwa nayo. Nikasema mwenye dawa yake akaimeze leo.

Hakuna aliyesema amina. Ndege ikapita. Nikasubiri ipite, sijui kwa nini, mazoea. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee wa kanisa ndiye aliyechukua kipaza sauti, akasema tumwombee fundi wetu, adui anaupigania ushuhuda wake. Wakanizunguka. Wakaniwekea mikono, wakakemea.

Uongo wangu waliupigia ngoma. Ukweli wangu wameuombea unitoke.

Nje nilimfuata Mama Happy. Nikamshika mkono, nikamsihi. Mama Joyce naye akamsihi. Alikuwa amevaa kandambili mguu mmoja kwa sababu ya kidonda. Akacheka, si kwa kejeli, kwa upendo, na hicho ndicho kibaya. "Usijali, fundi. Wewe imani iliyumba. Yangu imesimama." Akatuombea sisi wawili palepale barabarani.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Bi Mwanaidi kaleta sahani ya pilau, nyama nyingi. Hakusema nilikwambia. Nimekula yote.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Majina sita yameisha. La saba, El Roi, liko kwa kabonipepa tu. Ninaona herufi moja kwa wakati. Nikifika ya pili, ya kwanza imenitoka. Patasi naishika, siishushi.

Leo hatukuwa na kazi, nikamwomba Mama Joyce anisomee Mwanzo, ile sura ya Hajiri. Nzima. Siyo kipande cha darasani. Akasoma. Nikamwambia rudia. Akarudia.

Malaika anamkuta penye maji. Anamuuliza anatoka wapi, anakwenda wapi. Na kabla ya mambo yote anamwambia, rudi kwa bosi wako, ukanyenyekee chini ya mikono yake. Mikono ileile aliyoikimbia. Ahadi anapewa, ya mtoto, ya baadaye. Siku ile yenyewe anapewa kurudi. Ndipo anampa Mungu lile jina zuri. Kisha anarudi.

Darasani tulifungua jina hili wiki ngapi? Tulitafuta kilichofichwa kwenye herufi, na kilikuwa mistari minne juu, kwa Kiswahili, kimelala wazi. Unaonwa, halafu unaambiwa rudi. Hakuna aliyesema Hajiri ataepushwa. Sikuahidiwa kuona. Hakuna mahali katika sura hii. Niliahidiwa jicho la mwingine.

Mama Joyce akauliza kama nimefarijika. Nikasema hapana. Akasema hata yeye.

Jumamosi, 19 Aprili

Wameuchukua ubao. Vijana wanne. Mchungaji alitaka jina la saba lipelekwe mtaa wa pili, kuna mashine ya kompyuta inachonga jina kwa robo saa. Nikakataa. Halafu nikaona ni kiburi tu kimebaki, nikakubali. Lakini umeme ulikatika, na muda ukaisha. Akasema atapafunika kwa maua ya plastiki.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Majina sita na maua. Watu wamepiga makofi. Mimi niliona Rafa tu, ndilo lililoangukia kwenye tundu langu.

Mama Happy hakuwepo kwenye kwaya. Amelazwa tangu Alhamisi. Mguu.

Jumanne, 29 Aprili

Tumemzika leo.

Jana walikuja kuniomba msalaba wenye jina. Nilitaka kusema siwezi. Nikaangalia kijana wake, Happy, amekunja karatasi ya jina mikononi, nikasema niachie. Nimechonga kwa kidole. Kidole cha kushoto kinatangulia, kinatafuta mstari, patasi inakifuata. Kazi ya saa moja nimeifanya siku nzima. Tabitha. Herufi saba.

Sikuwahi kujua kwamba anaitwa Tabitha. Tangu Januari nachonga majina ya Mungu, na la mtu aliyenishika mikono yote miwili silijui.

Makaburini hakuna aliyenitazama vibaya. Wanasema Bwana ametwaa. Happy alinishukuru kwa msalaba. Nilitamani anipige. Mchungaji alisoma ibada kwa sauti ndogo, hakutaja jina lolote la Kiebrania. Tulipoondoka alibaki nyuma peke yake anasawazisha udongo kwa kiatu.

Sina la kuomba. Naweka dawa asubuhi. Naweka dawa jioni. Inawasha.

Jumamosi, 3 Mei

Mistari yangu inapandana. Nimekata kipande cha plaiwudi, nikatoboa mfereji mmoja, nakiweka juu ya ukurasa, naandika ndani ya mfereji. Kisha nakishusha. Ndiyo kazi pekee ya wiki hii. Imekaa sawa.

Nimemwachia jirani benchi. Patasi nimepaka mafuta, nimezifunga kwa khanga ile yenye damu.

Jumanne, 6 Mei

Kliniki. Mama Joyce mbele, mimi nimeshika bega.

Kidevu kwenye kikalio. La kushoto hawakulipima. La kulia, nukta ya katikati. Nesi yuleyule. Akasema nibonyeze nikiona tu. Nikasema najua.

Kitaa. Nikabonyeza. Kingine, karibu na nukta. Nikabonyeza.

Tk. Sikuona kitu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikakiacha.

Tk. Nikakiacha.

Ilikuwa ndefu. Nilisikia kila mlio, na kila mlio nilijua kuna taa mahali, imewaka, imezimika, imenipita. Nilikaa nazihesabu mpaka nikaacha kuhesabu. Mara moja moja, pale katikati, moja nayo ikaonekana, na nikabonyeza, na nilikuwa na hakika.

Nesi akachana karatasi. Akaiangalia muda. Akanishika mkono kunisimamisha.

"Safari hii kimesomeka, mzee wangu," akasema.